Ukurasa wa Nyumbani: Sakafu Njema Huanzia Chini ya Ardhi

Mgeni anapokaribishwa katika nyumba mpya, aghalabu jambo la kwanza analolisifu ni lile analolikanyaga. Sakafu ikimeremeta, wenye nyumba hupewa hongera na kila mtu hurudi kwake akiwa radhi. Lakini katika mji wetu wa Bujumbura, uliolala ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, sifa za siku ya kwanza hazitoshi kuwa kipimo. Kipimo cha kweli ni masika ya mwaka wa pili na wa tatu. Hapo ndipo vigae huanza kulia kama debe tupu vinapokanyagwa, rangi ikabambuka, mkeka wa plastiki ukatoa harufu ya uvundo, na unga mweupe ukajitokeza pembeni mwa kuta. Watoto wanaolala chini huamka wakikohoa, na wazazi wakadhani ni baridi ya usiku.

Juma hili twakusudia kueleza jinsi ya kuchagua na kujenga sakafu itakayodumu katika nchi ya joto na unyevu kama hii yetu. Neno letu kuu ni moja, nalo tunaomba lishikwe na kila mwenye kujenga: sakafu hudumu kwa yale yaliyofunikwa chini yake. Mwenye fedha chache na azitumie kwanza chini, kisha amalizie juu kwa kadiri ya uwezo wake. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Twasema hasa na jamaa za askari wa jeshi na polisi. Baba wa nyumba hizo mara nyingi hayupo nyumbani siku fundi anapomwaga zege. Yuko lindoni, mpakani, mkoani, au ng'ambo. Wanajeshi wa Burundi walianza kwenda Somalia mwezi wa Desemba 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na baadaye wengine wakapelekwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Akiba ya safari hizo, iliyopatikana kwa hatari kubwa, imegeuka matofali na mabati katika vitongoji vingi vya mji huu. Mume alituma fedha, mke akasimama na fundi. Nyumba hiyo ndiyo watakayohamia siku ya kustaafu, nyumba ya kambi itakaporudishwa kwa mwenyewe. Sakafu yake ikiharibika, kuijenga upya hugharimu kuliko kuijenga mara ya kwanza, kwa kuwa hapana budi kuvunja kilicho kizima ili kukifikia kilicho kibovu.

MAJI HUTOKA WAPI?

Maji huifikia sakafu kwa njia tatu: hutoka juu, hutoka katika hewa, na hutoka chini. Kila njia ina dawa yake, na mtu asiyezitenganisha hupoteza fedha kwa kutibu ugonjwa asiougua.

Maji ya juu ni ya mvua na mafuriko. Mji wetu umo katika uwanda wa Imbo, na nyuma yake imesimama milima ya Mumirwa. Mito Ntahangwa, Muha, Kanyosha na Nyabagere hushuka kutoka huko kwa kasi na kupita kati ya nyumba zetu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa iliangukia vitongoji vya kaskazini, Kamenge na Kinama vikiwamo. Watu zaidi ya 60 walikufa na nyumba nyingi zikabomoka. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi uliuacha mkondo wake, maji yakaingia Gatumba na kuwahamisha maelfu ya watu.

Ziwa lenyewe nalo lina tabia yake. Hupokea maji ya mito mingi, ilhali mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, yaani mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda. Lilipanda sana miaka ya mwanzo ya 1960, likapanda tena mwaka 2020 na 2021, na mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba na barabara za ufuoni. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ziwani zisijengwe. Anayenunua kiwanja ndani ya mpaka huo amenunua taabu, na hapana kigae kitakachomwokoa. Anayenunua pengine katika uwanda wa chini na awaulize wenyeji: mwaka wa mafuriko maji yalifika wapi? Atie alama ukutani au mtini, na sakafu yake ipite juu ya alama hiyo.

Maji ya hewani ni ule mvuke usioonekana. Asubuhi ya masika, sakafu iliyopoa usiku hupata umande, kama vile birika la maji baridi linavyotoka jasho likiwekwa mezani. Dawa yake ni madirisha na matundu ya hewa.

Maji ya chini ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hayana kelele. Weka ncha moja ya utambi katika mafuta ya taa: mafuta yatapanda yenyewe hadi ncha ya juu. Ardhi, matofali ya kuchoma na hata zege vina vijitundu vingi vidogo, na maji hupanda ndani yake kwa namna hiyo hiyo, mchana na usiku, hata wakati wa kiangazi ambapo ua umekauka. Katika sehemu za chini kama Buterere na Kajaga, maji ya ardhini hayako mbali na uso wa nchi. Kwa hiyo fundi hodari aliyejenga nyumba nyingi njema katika milima ya Gitega au Bururi anaweza kuja Bujumbura, akafuata desturi yake ileile, na sakafu ikamshinda.

JARIBIO LA PLASTIKI

Ukitaka kujua unyevu wa sakafu yako unatoka hewani au chini, fanya jaribio hili jepesi. Chukua kipande cha plastiki inayopitisha mwanga, chenye upana wa nusu mita kila upande. Kitandaze sakafuni mahali pasipopigwa na jua, kisha bandika kingo zake zote kwa utepe wa gundi ili hewa isipite. Kiache usiku na mchana mmoja.

Ukifunua na kukuta matone upande wa chini wa plastiki, au saruji imebadilika ikawa nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu tu, unyevu ni wa hewa. Pande zote mbili zikiwa kavu, sakafu yako ni salama. Jaribio lifanywe mwezi wa Machi au Aprili, ardhi iliposhiba maji; jawabu la mwezi wa Julai huweza kudanganya. Kabla ya kubandika vigae, mbao au kitu chochote juu ya sakafu ya zamani, jaribio hili litangulie.

TABAKA KWA TABAKA

Tuseme sasa kwamba unajenga upya. Sakafu ya nyumba ya chini huwa na tabaka hizi, kutoka chini kwenda juu.

Kwanza, ardhi yenyewe. Udongo mweusi wenye mizizi na majani uondolewe wote, kwa maana huoza, hutitia, na huita mchwa. Vipande vya mbao visiachwe humo hata kimoja. Kisha jaza udongo mgumu au changarawe kwa tabaka za sentimita 15, na kila tabaka lishindiliwe sawasawa kabla ya kuongeza jingine. Kifusi kikimwagwa chote kwa siku moja na kushindiliwa juu tu, kitashuka baadaye, na sakafu itabaki ikining'inia mpaka ipasuke. Uso wa sakafu ukikamilika uwe juu ya ua kwa sentimita 15 angalau; mahali pa mafuriko uwe juu zaidi.

Pili, mawe. Tandika mawe magumu kwa unene wa sentimita 15 hadi 20, yapangwe kwa mkono na kushindiliwa. Nafasi kubwa zilizo kati ya mawe huzuia maji yasipande, kwa kuwa maji hupanda katika vijitundu vyembamba tu. Juu yake mwaga mchanga wa sentimita 5 hivi, ili ncha kali za mawe zifunikwe.

Tatu, karatasi nzito ya plastiki. Hili ndilo tabaka linalosahauliwa kuliko yote, nalo ndilo lenye faida kuliko yote kwa bei yake. Iwe na unene wa robo ya milimita. Ile nyembamba ya kufungia bidhaa haifai, hutoboka kabla ya zege kumwagwa. Vipande vipandane kwa sentimita 30 na kubandikwa kwa utepe. Kingo zipande ukutani hadi zikutane na ile karatasi au lami iliyowekwa katika ukuta juu ya msingi. Karatasi ikiishia njiani, maji yatapita pembeni, na ndiyo sababu nyumba nyingi zina alama ya unyevu chini ya kuta ilhali katikati ya chumba ni pakavu. Mafundi wasitembee juu yake kwa viatu vyenye misumari wala wasiburute toroli.

Nne, zege. Unene wake uwe sentimita 10. Kipimo ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Vipimo hivi vipimwe kwa sanduku, wala visikadiriwe kwa koleo, kwa sababu koleo la asubuhi si koleo la saa tisa, mikono ikiisha kuchoka. Sanduku la mbao lenye sentimita 33 kila upande huchukua kiasi sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Basi mfuko 1 utakwenda na masanduku 2 ya mchanga na masanduku 4 ya kokoto. Maji yawe lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Mchanga ukiwa umelowa, yapunguzwe. Mafundi hupenda zege la majimaji kwa kuwa husambaa bila taabu, lakini maji ya ziada yanapokauka huacha vijitundu, na vijitundu hivyo ndivyo njia ya unyevu.

Mchanga uwe safi. Tia mchanga katika chupa hadi sentimita 10, ongeza maji, tikisa, uache usiku kucha. Tope litakalotuama juu ya mchanga lisizidi nusu sentimita. Mchanga wetu wa mitoni hauna chumvi kama ule wa ufuko wa bahari, ambao huwasumbua wajenzi wa Mombasa na Zanzibar. Taabu yetu sisi ni tope.

Zege likiisha kumwagwa, lifunikwe kwa magunia au plastiki na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Zege haliwi gumu kwa kukauka; linakuwa gumu kwa kunywa maji polepole. Likiachwa katika jua la Agosti bila maji, uso wake huwa unga.

Tano, tabaka la kusawazisha, lenye unene wa sentimita 4, la saruji 1 na mchanga 4. Hilo nalo lilowanishwe siku 7. Hapo tena ndipo panapohitajika subira. Tabaka la namna hii hukauka kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku hewa ikiwa nzuri, na zege lililo chini yake huchukua miezi. Anayebandika mbao au mpira baada ya majuma mawili amefungia maji ndani ya nyumba yake mwenyewe. Vigae huvumilia zaidi, lakini navyo visubiri majuma 4. Ukiweza, panga kazi hii mwanzo wa kiangazi, yaani Juni, ili ikauke kabla mvua za Septemba na Oktoba hazijaanza.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 12. Zege la sentimita 10 litakuwa mita ya ujazo 1 na sehemu 2 za kumi. Litahitaji mifuko 8 ya saruji, mchanga zaidi kidogo ya nusu ya mita ya ujazo, na kokoto zaidi kidogo ya mita ya ujazo 1. Tabaka la kusawazisha litahitaji mifuko 4. Jumla ni mifuko 12 kwa mita za mraba 12.

Basi shika kanuni hii nyepesi: mfuko 1 wa saruji kwa kila mita 1 ya mraba ya sakafu. Fundi akikuambia kwamba mifuko 6 itatosha chumba hicho, ama unene utapungua, ama saruji itapungua. Akikuambia mifuko 20, muulize ile 8 inakwenda wapi.

USO WA SAKAFU

Tukiisha kuijenga sehemu ya chini, sasa twaweza kuchagua uso.

Saruji laini ndiyo sakafu ya gharama ndogo kuliko zote, na ikiwa chini yake kuna yote tuliyoyataja, hudumu miongo mingi. Fundi hulainisha tabaka la juu kwa mwiko wa chuma likiwa bado bichi, akinyunyiza saruji kavu kidogo. Wengine hutia rangi nyekundu ya unga. Igawanywe kwa mistari katika miraba ya mita 1 hadi mita 1 na nusu, ili ikitaka kupasuka ipasuke katika mstari. Ikipakwa nta mara kwa mara, hung'aa na kusafishika kwa urahisi.

Mwenye sakafu ya saruji asione haya mbele ya mwenye vigae. Katika jimbo la Coahuila, nchini Mexico, serikali ilianza mwaka 2000 mpango wa kuwatilia maskini saruji katika nyumba zenye sakafu ya udongo. Wataalamu walilinganisha nyumba hizo na nyingine zisizopata mpango huo, wakakadiria kwamba sakafu ya udongo ikiondolewa nyumba nzima, minyoo na vimelea vya tumbo kwa watoto hupungua kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49. Hiyo ni kazi ya saruji tupu. Mtoto anayetambaa hutia kila kitu kinywani, na sakafu ndiyo sahani yake ya kwanza.

Vigae, ambavyo mafundi wetu huviita karo, hufaa sana katika unyevu, kwa sharti vichaguliwe kwa akili. Geuza kigae, dondosha tone la maji mgongoni mwake. Tone likinywewa papo hapo, hicho ni kigae cha udongo mwepesi, kifaacho ukutani. Tone likikaa, kigae ni kigumu na kinafaa sakafuni. Kwa baraza, bafu na jiko chagua chenye uso wa kukwaruza kidogo. Kile kinachong'aa kama kioo huteleza mvua inapoingia, na wazee huvunjika nyonga. Nunua ziada ya kigae 1 kwa kila vigae 10, uhifadhi vitakavyobaki, maana rangi hiyo huenda usiione tena dukani baada ya miaka mitatu.

Katika kubandika, gundi au saruji ienee chini ya kigae chote. Mafundi wenye haraka huweka mafungu matano, manne pembeni na moja katikati, kisha hugonga. Chini hubaki mashimo. Maji hukaa humo na kigae huvunjika kiti kinapoburutwa. Kati ya kigae na kigae iachwe nafasi ya milimita 3, na kando ya kuta nafasi ya milimita 5 hadi 10, itakayofichwa na kigae cha ukutani. Vigae hupanuka kwa joto. Visipopata nafasi husukumana na kuinuka kama paa la hema. Siku ya pili piga kila kigae taratibu kwa mpini wa nyundo. Kinachotoa sauti ya uwazi kiondolewe kabla fundi hajalipwa.

Tarazo, yaani chembe za mawe zilizochanganywa na saruji na kusuguliwa mpaka zikalainika, ni sakafu ya heshima iliyoenea katika majengo ya zamani ya Afrika ya Mashariki na ya Kati. Hudumu kuliko vigae, lakini hutaka mashine ya kusugulia na fundi mwenye ujuzi. Ukinunua nyumba ya zamani yenye tarazo, usiifunike, isugue upya.

Mbao ni nzuri kwa macho, lakini hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha husinyaa kiangazi. Mikalitusi yetu hujipinda sana isipokaushwa vizuri. Katika nyumba ya chini mjini Bujumbura hatuzishauri. Ziachwe kwa ghorofa na kwa nyumba za milimani.

Mkeka wa plastiki na zulia la kubandika huhitaji tahadhari kubwa zaidi. Vikiwekwa juu ya sakafu yenye unyevu, huufungia, na kuvu huota chini yake mahali pasipoonekana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wakaaji wa nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na maradhi ya kifua na pumu. Mikeka na majamvi yetu ya asili yana hekima zaidi, kwani huinuliwa asubuhi, hukung'utwa na kuanikwa juani.

VITUO VITANO VYA UKAGUZI

Haya yote hayatafaa kitu iwapo hapana mtu wa kuyaona. Tabaka la chini likifunikwa, ukweli wake umefunikwa pia. Kwa hiyo tunamshauri bibi wa nyumba, au yeyote aliyeachiwa kazi, amwambie fundi tangu siku ya kwanza kwamba kazi itasimama mara tano, na kila mara haitaendelea mpaka atazame kwa macho yake.

Kituo cha 1: udongo umeshindiliwa. Kanyaga kwa kisigino, kisizame.

Kituo cha 2: mawe yametandikwa. Pima unene kwa rula katika pembe zote nne na katikati.

Kituo cha 3: karatasi ya plastiki imetandazwa. Tafuta matundu, na utazame kama kingo zimepanda ukutani.

Kituo cha 4: zege linamwagwa. Hesabu mifuko mitupu jioni, uiweke mwenyewe. Mifuko mitupu ni ushahidi.

Kituo cha 5: tabaka la juu limekamilika na kulowanishwa siku 7. Weka pima maji kila upande. Ndani ya vyumba sakafu iwe sawa. Bafuni na barazani iteremke kidogo kuelekea njia ya maji.

Siku hizi simu ya mkononi ina kamera. Piga picha katika kila kituo, rula ikionekana ndani ya picha, umpelekee mume popote alipo. Malipo nayo yafuate vituo: fungu moja kwa kila kituo kilichokubaliwa, na fungu la mwisho lisiwe dogo. Yote haya yaandikwe katika karatasi na kutiwa saini na pande zote mbili kabla jembe la kwanza halijapigwa. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa kuwa karatasi hiyo humlinda yeye pia siku mwenye nyumba atakapodai kisichokuwa na haki.

SAKAFU ILIYOKWISHA HARIBIKA

Je, ikiwa nyumba imekwisha jengwa na unyevu umekwisha ingia? Usikimbilie kuvunja. Anza nje. Tia mifereji ya paa, na maji yake yapelekwe mbali na ukuta. Ua ukiwa umepanda sawa na sakafu, uchimbwe ushuke. Ardhi iliyo kando ya nyumba iteremke kuelekea nje, sentimita 5 kwa kila mita. Kagua mabomba na shimo la choo. Nyumba nyingi hupona kwa kazi hizo peke yake, kazi za koleo na jembe. Ngoja msimu mmoja wa mvua, kisha rudia lile jaribio la plastiki.

Unyevu ukiwa ungali unapanda, safisha sakafu ya zamani, tandaza juu yake karatasi nzito ya plastiki, uipandishe ukutani, kisha mwaga tabaka jipya la saruji na mchanga lenye sentimita 6. Milango itapaswa kukatwa chini, nayo ni gharama ndogo. Usipake rangi wala usibandike vigae juu ya sakafu inayotoka jasho kwa tumaini kwamba utaufunika ugonjwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wasomaji wapenzi, nyumba ya askari hujengwa kwa mshahara mdogo na kwa miaka mingi ya kungojana. Saruji ya mwezi huu, mawe ya mwezi ujao, kokoto baada ya msimu wa shule. Mwendo huo wa polepole una baraka yake katika jambo la sakafu, kwani hulipa kila tabaka muda wake wa kushindiliwa, wa kulowana na wa kukauka. Asiye na fedha za vigae mwaka huu na amalize sehemu ya chini kama ipasavyo, akae juu ya saruji yake iliyo kavu, na watoto wake walale salama. Vigae vitakuja siku yake. Karatasi ya plastiki ikisahauliwa leo, haitaweza kuja tena.

Juma lijalo, inshallah, tutaeleza namna ya kutia matundu ya hewa katika kuta za vyumba vya kulala bila ya kuwakaribisha mbu.